Ng'ombe au mpunga: nani hasa anaukausha Mto Ruaha Mkuu?

#1 Perege_wa_Mtera
Habari wadau. Wiki iliyopita nilimpeleka mgeni Msembe, makao makuu ya Hifadhi ya Ruaha, na tangu nirudi kile nilichokiona hakijanitoka kichwani. Ule mto tuliopelekwa kuuona tukiwa darasa la sita, tukakatazwa kusogea kwa sababu ya mamba, sasaivi ni mchanga mweupe, unavuka na viatu vyako mpaka ng'ambo. Tembo anachimba shimo mchangani kwa mguu apate maji. Chini kidogo kimebaki kidimbwi, viboko wamebanana mle kama abiria wa Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni, maji yamekuwa rangi ya ugoro maana wanakunya humohumo, mgeni wangu alirudi kwenye gari akafunga kioo.

Mimi ni mtoto wa Mtera, kwenye bwawa la umeme la mto huohuo, mama katusomesha kwa perege wa kukaanga pale barabara ya Dodoma, bwawa likishuka nyumbani tunajua kabla hata umeme haujaanza kukatika. Kwa hiyo naongea kwa uchungu. Na jibu langu ninalo, ni ng'ombe. Mtu ana ng'ombe mia nane anaishi kibanda cha nyasi, kamaliza kwao kahamia bonde la Usangu kule Mbarali, kinamasi chote cha Ihefu kinacholisha mto kimekanyagwa kikawa kama uwanja wa mpira. Kwanini tunaogopa kulisema hili? Povu ruksa.

#2 Chachandu
Siti ya mbele. Ila mleta mada umeuliza swali ukajijibu, sisi tuje kufanya nini, kupiga makofi?

#3 Ngosha_Mhamaji
Povu umelitaka mwenyewe. Mimi ndo huyo wa kibanda cha nyasi, sema sasaivi niko kwenye bati.

Baba alitoka Maswa akafika Usangu 1978, mimi nimezaliwa pembeni ya Ihefu, kitovu changu kiko kule. 2006 ikaja amri ya kuondoka, wote mnaikumbuka ile oparesheni. Sisi tuliondoka na ng'ombe 340. Tulifika Kilwa na 190 na kitu. Wengine walikufa njiani, wengine walikwisha kwenye faini, yaani ilifika mahali unauza ng'ombe palepale kizuizini ili umlipie mwenzake faini, na kwa malipo kumi unapewa risiti tatu, ukiuliza zile saba unaambiwa wewe mzee wewe unataka kulala hapa? Baada ya hapo Kilwa tukakutana na mbung'o, ugonjwa wake wa ndorobo ukachukua wengine. Mzee wangu hakurudi kuwa yule yule mpaka anaingia kaburini.

Sasa swali langu dogo tu mtoto wa Mtera. Ng'ombe walitolewa 2006 na 2007. Mto ukaendelea kukauka. Waliokuwa wanaukausha ni ng'ombe wa nani, wa mizimu?

#4 Majaruba
Pole kwa mzee. Lakini tusidanganyane, walitoka mchana wakarudi usiku. Mimi niko Ubaruku, hapahapa Usangu, kiangazi ukilala unasikia kengele, asubuhi unakuta nyayo mpaka kwenye tuta la mfereji limebomolewa. Wengine wanachungiwa na vijana wa hapahapa, mwenye mali yuko mjini na tai yake. Huyo ndo hatajwi kwenye oparesheni yoyote.

#5 Dokta_Mifugo
Nakazia hapo kwa mwenye tai. Halafu naomba tupige hesabu kidogo, mimi ni afisa mifugo nimefanya kazi ukanda ule miaka kumi na moja.

Ng'ombe wetu wa asili anakunywa kama lita 30 kwa siku, weka jua kali aongeze. Tuseme ni laki tatu, hata kama hawapo wote hao. Laki tatu mara 30 ni lita milioni tisa, yaani mita za ujazo 9,000 kwa siku. Mwaka mzima inakuja milioni tatu na laki tatu kasoro kidogo. Sasa hekta moja ya mpunga wa majaruba inakula mita za ujazo kama 10,000 kwa msimu, na hapo mkulima awe hamwagi ovyo. Gawanya mwenyewe. Ng'ombe laki tatu kwa mwaka mzima wanakunywa maji ya hekta 330 hivi za mpunga. Usangu ikiwa na mvua nzuri mpunga unakwenda mpaka hekta elfu arobaini na ushee.

Sisemi ng'ombe ni malaika. Nasema kama ni kunywa, hawezi kuumaliza mto yule.

#6 Mnyalu_Halisi
Kamwene wote. Dokta umehesabu mdomo, kwato nne hujazihesabu. Ng'ombe hakai sehemu moja anakunywa kistaarabu kama bibi harusi. Anakanyaga udongo unashindilika, mvua ikinyesha maji hayazami, yanakimbia yote kwa siku mbili na tope lake. Mchungaji naye anachoma nyasi Agosti ili yachipue mapya. Nyasi za kwenye kinamasi ndo zilizokuwa zinashika maji kama sponji, zikiliwa na kuchomwa sponji inabaki nini? Mimi babu yangu alikuwa anavua kambale Ihefu kwa mtumbwi sehemu ambayo leo pikipiki inapita.

#7 Dokta_Mifugo
Kwato nakubali, na moto nakubali, malisho yameharibika hilo huwezi kunibishia nikabisha. Lakini kwato zinaharibu maji yaliyofika Ihefu. Yale ambayo hayajafika kabisa, yaliyogeuzwa huko juu kwenye mabanio, vile vizuizi vya kuingiza maji mferejini, kwato zimeyagusa saa ngapi?

#8 Mzee_Kipimo
Vijana mnapigana na kivuli. Mimi nimestaafu, nilikuwa nasoma vipimo vya maji, ile miti iliyochorwa namba mnayoiona mtoni mkadhani ni ya wachina. Niwape niliyonayo.

Mto Ruaha Mkuu pale hifadhini mara ya kwanza kukatika kabisa kiangazi ni 1993. Kabla ya hapo ulikuwa unapungua mpaka unaonea huruma lakini unatiririka. Tangu 93 umekatika karibu kila mwaka, tofauti ni urefu wa siku tu. Kwa hiyo anayesema ulianza baada ya kitu fulani ahakikishe hicho kitu kilikuwepo kabla ya 93. Wasukuma wengi waliingia miaka ya 70, Wamaasai na Waparakuyo kabla yao. Shamba kubwa la Mbarali lilijengwa kwa msaada wa Wachina miaka hiyohiyo ya 70. Shamba la Kapunga ndo likaja mwanzoni mwa 90. Chagueni wenyewe.

La pili ambalo wengi hawalijui. Ihefu ni kama beseni. Maji yanatokea sehemu moja tu, Ng'iriama, na pale kuna kizingiti cha mwamba. Maji ndani ya beseni yakishuka chini ya mwamba, mto unakatika hata kama kinamasi bado kina maji mengi na mamba wake. Na beseni lenyewe jua linalinyonya kila siku. Watafiti waliopiga hesabu walisema ili itoke nusu mita ya ujazo kwa sekunde kiangazi, inabidi ziingie kama saba. Sita na nusu zinakunywewa na jua na matete. Hapo hujamuona ng'ombe wala mkulima.

La tatu kwa huyu mtoto wa Mtera. Bwawa lenu halijazwi na maji ya kiangazi. Linajazwa na masika, tena lina Ruaha Mdogo anayetoka Iringa na lina mto Kisigo. Miaka ya 90 ulipokuja mgao wa umeme watu wa Usangu walibebeshwa lawama yote, kumbe waliokaa na takwimu wakaona hata namna mabwawa yenyewe yalivyoendeshwa ilikuwa na mkono wake.

#9 Perege_wa_Mtera
Shikamoo mzee wangu. Hapo kwenye beseni nimekaa kimya kwanza. Ila viboko wangu hawanywi takwimu za masika, wao shida yao ni Oktoba.

#10 Sinza_Kumekucha
Sasa nimeelewa kwanini 2022 Dar tulikaa bila maji mwezi mzima tunanunua dumu kwa bei ya bia. Kumbe ni hawa hawa wa Ruaha!! Na bwawa la Nyerere nalo ndo basi tena.

#11 Mzee_Kipimo
Marahaba Perege. Wewe wa Sinza, Dar inakunywa Ruvu, unatoka Uluguru huko, hauna undugu na Ruaha. Na bwawa la Nyerere liko Rufiji, maji yake zaidi ya nusu yanaletwa na Kilombero, Ruaha Mkuu anachangia kama asilimia 15. Sio haba, lakini usimuue kabla hajafa.

#12 Chachandu
Sinza rudi kwenye dumu lako taratibu.

#13 Majaruba
Naona mmenisogelea taratibu mpaka mmenifikia. Haya nimesimama.

Kwanza mpunga Usangu haukuletwa na mimi. Mifereji ya kwanza ile ya maana walichimba Mabaluchi, Rujewa na Utengule, tangu enzi za mkoloni, wajukuu zao wapo mpaka leo wanaongea Kisangu kuliko mimi. Baadae serikali ikaja na mashamba yake makubwa. Sisi wadogo tumekuja kujibanza kwenye mkia wa mifereji ya wakubwa, mtu ana eka mbili mnamuita mhalifu wa mazingira.

Pili niwape siri moja ya banio. Zamani banio lilikuwa magogo, mawe na majani, kila masika linabebwa na mafuriko tunajenga tena. Na lilikuwa linavuja. Sasa kule kuvuja ndo kulikuwa kunamlisha wa chini. Wakaja wataalamu na miradi wakasema hizi kienyeji zinapoteza maji, wakajenga la zege na milango ya chuma. Likawa zuri kweli, halivuji hata tone, likifungwa mto wote unaingia kwetu. Wa chini akalia. Mradi unaitwa wa kuboresha matumizi ya maji hahaha. Sikatai tunatumia maji ila banio la zege sikulichora mimi.

Tatu mpunga wetu ni wa masika, tunapandikiza Desemba na Januari tunavuna mwezi wa tano wa sita. Kiangazi shamba limekauka ng'ombe wa Ngosha wanakula mabua. Kwa hiyo mto unakauka Septemba mimi shambani sipo, mnanikamata kwa kosa gani?

#14 Ngosha_Mhamaji
Hahaha Majaruba umeponea chupuchupu ila mguu umebaki nje. Kiangazi mfereji mnafunga? Jibu swali hilo tu. Mimi nimechunga kule, Septemba mfereji una maji mpaka kwenye goti, yanakwenda wapi? Yanaenda kutuama kwenye mashamba yasiyo na kitu, bata wanaogelea. Na vitalu vya miche mnaanza Oktoba ili mchele wenu uwahi sokoni upate bei.

#15 Majaruba
Hayo maji ya mfereji ya kiangazi ni ya kunywa. Vijiji vingi havina bomba. Mama yangu anachota mlemle, anafulia mlemle, nikifunga mlango wa banio atakunywa nini, taarifa ya habari? Vitalu sijibu.

#16 Chachandu
"Vitalu sijibu" 😂😂 mshtakiwa katumia haki yake ya kukaa kimya.

#17 Bi_Rujewa
Majaruba kagusa kitu ambacho wanaume humu mmekiruka posti kumi na tano. Mnagombana mto umeenda wapi, mimi nauliza hayo yanayobaki tunayokunywa wote, sisi, mbuzi, ng'ombe na nyati, yanatufanya nini?

Mdogo wangu wa kiume alikuwa anachunga za watu, analipwa ndama. Akaanza homa. Inakuja jioni, anatoka jasho shuka linakamuliwa, asubuhi mzima anatembea. Mgongo na nyonga zinamuuma kijana wa miaka 24 anaamka kama mzee. Kwenye zahanati moja nisiyoitaja wakampa malaria. Akarudi wakampa taifodi. Akarudi tena malaria na taifodi kwa pamoja. Miezi mitano. Dawa zile ziliuza ndama wawili. Majirani wakasema karogwa na mwenye ng'ombe ili asimlipe ndama wa tatu, na mimi nakiri kuna siku niliamini. Mwisho tumempeleka mbali wakapima damu wakasema ni brusela, kaipata kwa ng'ombe. Alimeza dawa mbili kwa pamoja wiki sita, hakuruhusiwa kuruka hata siku. Kapona ila nyonga mpaka leo inamsumbua.

#18 Dokta_Mifugo
Pole sana dada. Hiyo hadithi nimeisikia kwa majina tofauti mara nyingi mno. Brusela ndo ule ugonjwa wa ng'ombe kutupa mimba, mimba inatoka miezi ya mwishomwisho. Kwa binadamu unaingia kwa maziwa mabichi, na kwa wachungaji unaingia zaidi kwa mikono, pale anapomsaidia ng'ombe kuzaa bila glovu, anashika kondo la nyuma, anaburuza kile kitoto kilichotupwa. Halafu kondo linaachwa hapo mbwa wanalipitia.

Kuna mradi wa watafiti wa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, na Chuo Kikuu cha California Davis, uliitwa HALI, ulianza 2006 hukohuko kandokando ya Ruaha. Walipima ng'ombe, wanyamapori na maji kwa pamoja, wakakuta brusela na TB ya ng'ombe zote zipo. Hoja yao ilikuwa hii anayoisema dada, maji yakipungua wote mnajazana kidimbwi kimoja, nyati pale, ng'ombe pale, mama na ndoo pale. Ugonjwa hauhitaji pasipoti.

Chemsheni maziwa. Na usidhani mgando unaokoa, kuganda peke yake hakuui wadudu wote.

#19 Ngosha_Mhamaji
Dokta hapo kwenye maziwa tutakosana. Babu yangu kanywa mabichi moja kwa moja kutoka kwenye kibuyu mpaka kafikisha miaka tisini, hajui hospitali inafananaje. Ukichemsha maziwa unakunywa maji meupe.

#20 Bi_Rujewa
Babu yako alikuwa anatembea na fimbo au bila?

#21 Ngosha_Mhamaji
Na fimbo. Ni mfugaji.

#22 Bi_Rujewa
Anachungia, au anaegemea?

#23 Ngosha_Mhamaji
...dada tuyaache haya. Nitamuuliza mama kama alikuwa analalamika mgongo.

Ila tukifungua daftari la magonjwa tulifungue lote. Kichocho kinatoka kwa ng'ombe? Kinatoka kwenye majaruba, watoto wanashinda miguu majini, konokono wako humo. Malaria je, mbu anazaliwa kwenye kwato au kwenye tuta la mpunga? Na zile dawa za kuua magugu, mtu anapiga kwa pampu ya mgongoni bila hata kitambaa puani, chupa anaosha mferejini uleule wa mama yake Majaruba.

#24 Majaruba
Mama yangu mmemuingiza mara tatu sasa. Lakini hilo la chupa ni kweli, nimelikemea kijijini mpaka nimeitwa mnoko.

#25 Bongo_Utrecht
Niko Uholanzi wakuu. Mnavyoongea ng'ombe na maji, huku wanapigana kwa ajili ya mavi, sio utani. Ng'ombe wamefungiwa ndani, chakula kinatoka nje kwa meli, mavi yamezidi ardhi ya kuyamwagia, inatoka amonia inaharibu misitu na vinamasi vyao. 2019 mahakama yao ya juu ikasema vibali vilivyokuwa vinatolewa havifai, wakulima wakaingia barabarani na matrekta foleni sijawahi kuona. Kwa hiyo msidhani ng'ombe wa kisasa wa ndani ndo suluhisho la kila kitu. Na bado mkirudi kwenye hewa, ng'ombe akicheua anatoa metheni.

#26 Dokta_Mifugo
Kweli, na ng'ombe wetu anayekula mabua magumu anatoa nyingi kwa kila lita moja ya maziwa kuliko wa huko, kwa sababu lita zenyewe anatoa mbili. Ila metheni inatoka pia kwenye udongo uliofunikwa na maji muda mrefu. Majaruba upo?

#27 Majaruba
Yaani hata hewa? Hata hewa mnanihesabia?

#28 Chachandu
Kifupi nyama haifai, maziwa hayafai, wali haufai. Tule mihogo.

#29 Bi_Rujewa
Mihogo michungu usipoiloweka ikakaushwa vizuri ina sumu.

#30 Chachandu
Ngoja nikanywe chai ya rangi nifikirie maisha yangu.

#31 Kipengere_Juu
Nimesoma posti zote thelathini, mnaongelea tambarare tu. Mto unazaliwa milimani jamani, Uporoto na Kipengere, Kimani, Chimala, Mbarali zinatoka kwetu. Kwetu kila mwenye pesa sasaivi anapanda mikaratusi mpaka kwenye chemchemi, mti ule unavyokunywa hata mlevi anasubiri. Nikiwa mdogo kulikuwa na kijito nyuma ya nyumba tunaoga mwaka mzima, mzee akapanda mikaratusi eka moja pembeni, sasaivi kijito kinaonekana Februari mpaka Mei basi. Alilipa ada zetu na hiyo mikaratusi kwa hiyo hata kumlaumu siwezi.

#32 Mnyalu_Halisi
Na vinyungu usivisahau, maana mimi mwenyewe ninacho. Bondeni kiangazi tunalima mahindi mabichi na maharage, tunachimba vijifereji kukausha tope. Kimoja hakina madhara, sasa hesabu kuanzia Mufindi mpaka Njombe. Ila ukimkataza mama anayeuza mahindi ya kuchoma barabarani uwe na cha kumpa.

#33 Perege_wa_Mtera
Mnyalu si wewe uliyekuwa unasema kwato nne??

#34 Mnyalu_Halisi
Kwato bado zipo palepale. Nimeongeza tu jembe.

#35 Mtu_wa_Ramani
Mimi naona wote mnaukwepa mpaka. 1998 Usangu ikafanywa pori la akiba, 2008 ikamegewa Hifadhi ya Ruaha kwa lile tangazo la serikali, GN 28, hifadhi ikapita kilometa za mraba 20,000 ikawa kubwa kuliko zote nchini mpaka ilipozaliwa ya Nyerere 2019. Sawa, lakini ndani ya mstari kulikuwa na vijiji na mashamba ya watu wa Mbarali, mgogoro ukadumu miaka. Halafu ukaja mradi wa REGROW wa Benki ya Dunia, wa utalii wa hifadhi za kusini, dola milioni 150, ulipitishwa 2017, ndani yake kulikuwa na fungu la umwagiliaji wa Usangu ili maji yarudi mtoni. Yakaja malalamiko ya watu kuondolewa na kunyang'anywa mifugo, Aprili 2024 benki ikasimamisha fedha na Novemba mradi ukafutwa. Kwa hiyo ukichora mstari bila kuuliza nani analala ndani yake hupati mto na hupati amani.

#36 Majaruba
Huyu mtu apewe soda.

#37 Mnyalu_Halisi
Mtu_wa_Ramani nakubali nusu. Bila ule mstari leo Ihefu ingekuwa majaruba mpaka Ng'iriama, na Majaruba anajua hivyo ndo maana anakupa soda.

#38 Mzee_Kipimo
Niongeze moja nimpumzishe mke wangu anasema taa inamulika. 2001 waziri mkuu Sumaye alikwenda London akaahidi mbele ya wazungu kwamba kufika 2010 Ruaha itatiririka mwaka mzima. Nilikuwa kazini, tulifurahi kweli, tukapewa hata pikipiki. 2010 ikapita. Mwishoni mwa 2022 kongamano likafanyika Iringa, Makamu wa Rais akaja, hotuba nyingi zilikuwa ng'ombe, ng'ombe. Nilikaa nyuma kabisa nikawa nasubiri mtu aulize mlango wa banio fulani unafungwa na nani, saa ngapi, ufunguo unalala kwa nani. Chai ilikuwa nzuri.

#39 Perege_wa_Mtera
Mzee kwa hiyo wewe ukibanwa ukaambiwa taja mmoja, unamtaja nani?

#40 Mzee_Kipimo
Kiangazi au masika? Mwaka wa mvua gani? Unasimama wapi unapouliza, Msembe au Mtera? Ukinijibu hayo nitakujibu.

#41 Ngosha_Mhamaji
Mimi nimeongea na mama. Anasema babu alikuwa anakandwa mgongo kwa maji ya moto kila usiku, miaka na miaka. Bi Rujewa nasubiri ucheke umalize.

#42 Bi_Rujewa
Sicheki mdogo wangu. Na wewe kapime, na watoto, kama mlikuwa mnakunywa kibuyu kimoja.

#43 Sukari_ya_Kilombero
Samahani sijasoma uzi wote, kwahiyo jibu ni ng'ombe au mpunga?

#44 Chachandu
Ni dumu la Sinza.

#45 Kipengere_Juu
Huku kwetu jana usiku imepiga mvua ya kwanza, ya radi, mpaka bati la jirani limekwenda. Asubuhi kijito kimeamka, maji ya udongo lakini yapo. Majaruba yatakufikia kesho kutwa.

#46 Majaruba
Yameshafika. Kamati ya banio wameitana saa nne.

#47 Mzee_Kipimo
Mmefungua kiasi gani?

#48 Majaruba
Mzee si ulisema taa inammulika mama, lala.

#49 Perege_wa_Mtera
Majaruba!!!

#50 Mkamua_Iringa
Wakuu nje ya mada kidogo, natafuta mtamba mwenye mimba, Friesian au chotara, awe kapimwa brusela na karatasi ya daktari nione. Niko Kihesa. Maziwa nitachemsha.